Chupa za Jumatano

Jina la Bi Jumatano nililitoa mimi. Nililitoa kwenye chumba cha chai, kikombe mkononi na watu sita mbele yangu. Wote walicheka, nami nikajiona bingwa wa maneno. Msichana mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ghorofa ya chini, kwenye maabara ya leza, macho yameganda kwenye skrini, akipima kitu ambacho ukipepesa jicho kimeshakufa mara elfu.

Mimi ni fundi wa gesi. Kemia sikuisomea. Niliingia kwenye jengo lile kuosha vyombo vya kioo, na shule yangu ilikuwa kuuliza maswali na kutosahau majibu. Mtu akibeba mtungi, mimi huyo nyuma yake: hii inaitwaje, inafanya nini, ikitoroka inanuka vipi? Miaka ikapita, siku moja nikashtuka wenye digrii ndio wanaoniuliza mimi. Wakanipa funguo za chumba cha mitungi na koti jeupe lenye mfuko wa kalamu, na wakaniita Mama Chupa.

Kazi ya Bi Jumatano ilikuwa silileni. Wengi wakisikia neno hilo hukunja uso, lakini mimi nililielewa siku ile ile niliyoelezwa. Silikoni inapenda kushikana na wenzake wanne. Silileni ni silikoni iliyobaki na hidrojeni mbili tu. Sasa mchukulie mtu aliyeingizwa kwenye nyumba iliyojaa wageni, mikono yote miwili mitupu, na hajui kusimama peke yake hata kidogo. Atamdaka wa kwanza atakayepita, awe mrembo, awe mlevi. Nikasema, huyu ni ndugu yangu wa damu.

Swali la msichana lilikuwa moja: anadaka haraka kiasi gani? Wanaweka mvuke wenye silikoni kwenye bomba refu la kioo, leza moja inaupiga kwa mwanga usioonekana, silileni zinazaliwa. Leza ya pili, yenye mwanga wa rangi ya machungwa, inapita ndani ya bomba kwenda na kurudi. Silileni zinaumeza kidogo ule mwanga. Kadiri zinavyodakwa na gesi nyingine, mwanga unarudi, na kwenye skrini unaona mchirizi unaoporomoka. Ukiongeza gesi ya kuzidaka, mchirizi unaporomoka kwa kasi zaidi. Unaweka nukta kwenye grafu, unaongeza gesi, unaweka nukta nyingine. Nukta zikijipanga kwenye mstari ulionyooka, watu wanakwenda kula. Zikipinda, hakuna anayekula.

Gesi yake ya kudakia ilikuwa asetilini, na asetilini ina pupa. Ukiiweka yenyewe tupu, kila kitu kinakwisha kabla mashine haijaona. Kwa hiyo inachanganywa: asetilini kidogo sana ndani ya arigoni nyingi, gesi isiyodaka chochote, kwenye chupa kubwa ya kioo yenye shingo ndefu, nyembamba. Hapo ndipo mimi ninapoingia. Natoa hewa yote kwa pampu, naingiza asetilini, nasoma geji, halafu naijaza arigoni juu yake. Nafunga valvu. Na baada ya kufunga valvu, gesi lazima ilale.

Msicheke, ndivyo tunavyosema. Gesi mbili ukiziweka chumba kimoja hazizoeani papo hapo. Asetilini iko kwenye tumbo la chupa, arigoni iliyoingia mwisho imesongamana shingoni. Ukivuta pale pale, unavuta arigoni karibu tupu huku karatasi inakwambia ni mchanganyiko kamili. Ukiiacha hadi kesho yake, imeshajichanganya yenyewe, popote utakapovuta ni sawa. Profesa, mkuu wa maabara ile, aliandika sheria hiyo kwa mkono wake na kuibandika ukutani: chupa zote zilale. Mimi naandika kwenye daftari la chupa siku na saa niliyochanganya, natia saini, basi.

Bi Jumatano alikuwa akipima asetilini kila Jumatano. Siku hiyo mwenzake, kijana tuliyemwita Miwani, alikuwa anafundisha mwaka wa kwanza, kwa hiyo leza ilikuwa huru. Chupa yake ilitakiwa kuchanganywa Jumanne alasiri.

Na Jumanne alasiri ndiyo siku ya nyumbani kwangu.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaishi nami na anasuka nywele sebuleni. Jumanne hana nafasi ya kupumua. Wanakuja majirani, wanakuja ndugu wa majirani, mmoja kichwani, watano wakisubiri, na kila mmoja kaja na lake: nani kahama, nani karudi, nani kaonekana na nani. Mimi nikijua nyumbani kuna watu, miguu inaniwasha. Saa tisa siwezi tena kusimama mbele ya pampu inayotoa hewa taratibu kama mzee anayepanda ngazi. Jumanne ya kwanza nikajiambia, nitaichanganya kesho alfajiri. Kesho yake nikafika saa moja na nusu, nikachanganya haraka haraka, na saa mbili msichana akagonga mlango.

“Shikamoo mama. Chupa yangu iko tayari?”

“Marahaba mwanangu. Hii hapa.”

“Imelala?”

“Imelala hadi imekoroma.”

Akacheka, akaikumbatia kama mtoto mchanga, akaenda zake. Mimi nikafungua daftari, nikaandika: Jumanne, saa tisa alasiri. Saini. Gesi ni gesi, nikasema, nani atajua. Wiki iliyofuata nikafanya tena, na baada ya hapo sikujiambia kitu. Jumatano tisa.

Baada ya wiki kadhaa zikaanza kusikika habari kwamba yule msichana wa leza kapata kitu kikubwa. Mstari wake haunyooki, unapinda kwenda juu, na yeye anasema si kosa, ni jambo jipya: molekuli ya pili ya asetilini inaingilia kati. Alikwenda kusimulia kwenye mkutano wa wataalamu, wakampigia makofi. Kwenye chumba cha chai mtu akasema, ajabu matokeo yake mazuri yote ni ya Jumatano. Mimi, kwa vile mdomo wangu hauna valvu, nikadakia:

“Jumatano si yuko peke yake humo ndani! Mlango umefungwa, redio inaimba, hakuna wa kumchungulia. Hata mimi ningegundua vitu. Huyo ni Bi Jumatano.”

Hapo ndipo walipocheka.

Kicheko kile kilipanda ngazi bila mimi. Kilimfikia Profesa, ambaye tayari alikuwa na wasiwasi, maana Miwani alirudia kipimo siku ya Ijumaa na mstari ukanyooka kama uzi wa mshona viatu. Profesa akachukua grafu zote, akazipanga kwa tarehe. Zilizopinda: Jumatano, Jumatano, Jumatano. Zilizonyooka: siku nyingine zote, siku ambazo Miwani alikuwepo chumbani. Akamwita msichana, akamuuliza mbele ya watu:

“Silileni inajua kalenda?”

Msichana akasema haijui.

“Basi nani anayejua?”

Alhamisi ile habari ilinikuta kwenye chumba cha chai. Msichana anatuhumiwa kubuni namba. Jumatatu saa nne asubuhi atakaa mbele ya kamati ya watu watatu, na wakiridhika kwamba alibuni, anafukuzwa. Miaka yake minne inatupwa, na hakuna chuo kitakachompokea tena na doa hilo. Watu walikuwa wananitazama wakingoja nitie chumvi. Sikutia. Nilizikumbuka chupa zangu za alfajiri, lakini nikajisemea, chupa ni chupa, haiwezi kupinda mstari wa mtu. Sikuwa nimeziona hizo grafu. Sikuomba kuziona pia.

Jumamosi zikaja zenyewe.

Ilikuwa mchana, sebule imejaa hadi mlangoni. Wifi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha jirani yetu mnene, mimi nakata vitunguu huku nawasikiliza. Mlango ukagongwa, akaingia yeye, bahasha kubwa kifuani, macho yamevimba.

“Hodi. Samahani, nimeulizia kwako.”

“Karibu mwanangu, pita,” Wifi akasema, kichana mdomoni. “Ruka hiyo miguu. Hapa hatuna zulia la kuogopa kulikanyaga.”

Jirani akageuza kichwa kilichosukwa nusu. “Ndiye huyu? Huyu ndiye Bi Ju...”

Wifi akamvuta nywele. “Tulia, utaharibu mstari!”

Nilitamani sakafu inimeze. Hata nyumbani nilikuwa nimeshasimulia. Nikamkalisha karibu na dirisha, nikamletea maji. Hakunywa. Alitoa grafu zake, akazitandaza kwenye meza, juu ya shanga na nyuzi za Wifi.

“Mama, wewe ndiye shahidi wangu,” akasema. “Sina mwingine.”

“Shahidi wa nini?”

“Wamekubali jambo moja tu linaweza kunitetea au kunimaliza: chupa. Wanasema kama gesi haikuchanganyika vizuri, grafu inaweza kupinda. Nimewaambia haiwezekani, fundi wetu hajawahi kukosa hata siku moja, daftari lipo. Naomba Jumatatu uje uwaambie kwa mdomo wako. Wakijua chupa ziko sawa, watalazimika kukubali kwamba kupinda huku ni kwa kweli.”

“Gesi inachanganywa halafu inafanyaje?” jirani akauliza.

“Inalala,” msichana akajibu.

“Kitandani?”

Wakacheka wote, hata msichana akatabasamu kidogo, akafuta pua. Akawaeleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi: tumbo la chupa, shingo, kinachotoka kwanza na kinachofuata. Wanawake wale walimsikiliza kama anasimulia talaka ya mtu mashuhuri.

Mimi nilikuwa natazama grafu. Kila moja, nukta tatu za mwanzo zilikuwa zimelala chini, chini sana kuliko zinavyotakiwa. Halafu mstari ukainuka ghafla, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tatu za mwanzo. Gesi ya shingoni. Alianza kupima kwa kiasi kidogo, akapandisha, kama walivyomfundisha. Kwa hiyo arigoni yangu isiyolala ilikuwa inatoka kwanza kila Jumatano, kwa utaratibu ule ule, na kumchorea ugunduzi. Hapakuhitajika digrii. Niliona mkono wangu pale kwenye karatasi, waziwazi kama ningekuwa nimetia saini.

“Mama? Zililala?”

Vichwa vyote, vilivyosukwa na visivyosukwa, vikanigeukia.

“Zililala,” nikasema.

“Nenda kamtetee mtoto wa watu!” jirani akapaza sauti. “Wanaume hao wakiona msichana kapata kitu lazima wamtafutie jina.”

Lazima wamtafutie jina. Nikarudi kwenye vitunguu, nikashukuru kwamba vipo.

Jumapili ikafika. Wageni walikuwa wachache, nikawaacha na Wifi, nikaenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka. Wifi akanifuata.

“Wewe una kitu. Tangu jana mdomo umefungwa kama duka la mwenye msiba.”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimeshika shuka mbichi.

Akavitazama vidole vyake vyenye mafuta ya nywele. “Kwa hiyo ni mimi na vichana vyangu.”

“Hapana, ni mimi na miguu yangu. Nani kaniita? Ningefika saa kumi na moja, mngekuwa mmeondoka?”

“Tungekuwepo.” Akanipokonya shuka, akairudisha kwenye kamba. “Basi sikiliza, wifi yangu. Nyamaza. Watasema mashine ndiyo iliyokosea. Mashine haina mama wa kuililia.”

“Wamesema ni mashine au ni yeye?”

Akabana shuka kwenye kamba kwa kibanio.

“Wamesema ni chupa au ni yeye,” nikasema. “Nikiitoa chupa, anabaki yeye.”

“Na ukijitaja wewe? Umri huu, bila cheti, nani atakupa tena funguo?”

Nilijua chumba kile cha mitungi kuliko ninavyojua jiko langu. Nilijua mtungi upi valvu yake ngumu, pampu ipi inakohoa asubuhi. Nje ya pale mimi ni mwanamke mwenye maneno mengi tu.

Jumatatu nilifika mapema, nikavaa koti safi. Chumba cha mikutano kina meza ndefu na viti vinavyolia ukikalia. Katikati alikaa mwenyekiti wa idara, mama mmoja mkavu anayebonyeza kalamu yake tik-tik akifikiri. Kulia kwake Profesa, kushoto mzee wa idara nyingine ambaye kazi yake ilionekana ni kukohoa. Msichana alikuwa peke yake upande wa pili, bahasha mbele yake. Aliponiona aliinuka nusu, akanisogezea kiti.

Profesa akafungua daftari langu la chupa.

“Mama Chupa, huu ni mwandiko wako?”

“Ni wangu.”

“Chupa za asetilini za Jumatano zote tisa, zimeandikwa zilichanganywa Jumanne saa tisa alasiri. Zililala hadi kesho yake kabla ya kutumika?”

Tik-tik, kalamu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Njia nzima nilikuwa najisomea kama mtoto anayetumwa dukani. Kinywa kikafunguka, likatoka lingine.

“Zililala.”

“Una hakika?”

“Ndiyo.”

Profesa akafunga daftari taratibu. Hakuwa na furaha, hilo nimtendee haki. Alikuwa kama mtu anayefunika maiti. “Basi hilo limekwisha. Gesi haina kosa. Leza imekaguliwa, haina kosa. Siku nyingine zote kipimo kiko sawa.” Akamtazama msichana. “Anabaki mpimaji.”

Nadhani msichana hakuelewa mara moja. Alikuwa bado ananigeukia mimi, kwa sababu kwake nilikuwa nimemfanyia jambo aliloliomba. Akaniwekea mkono juu ya mkono, chini ya meza, akanong’ona:

“Asante, mama.”

Jamani. Angenitukana ningestahimili. Nimetukanwa na watu wenye kipaji.

“Hazikulala,” nikasema.

Kalamu ikanyamaza.

“Samahani?” mwenyekiti akauliza.

“Hazikulala hata moja. Nilikuwa nazichanganya Jumatano yenyewe asubuhi, nampa baada ya dakika kumi na tano. Tarehe niliandika za uongo. Yeye aliniuliza kila mara kama zimelala, nikamwambia ndiyo. Hizo nukta tatu za chini ni gesi ya shingoni. Hakubuni kitu. Alipima kile nilichompa.” Nikavuta pumzi, nikaona heri nimalizie. “Na lile jina la Bi Jumatano, na yale ya mlango kufungwa, yalianzia kwangu.”

Mkono wa msichana ukaondoka juu ya wangu. Hakuunyanyua kwa hasira. Uliondoka tu.

“Dakika moja iliyopita ulituambia una hakika,” Profesa akasema.

“Niliogopa.”

“Na sasa tukuamini ipi?” yule mzee akauliza, akakohoa. “Huyu mama anampenda binti, pengine anajitwika.”

Hilo sikuwa nimelitarajia: kwamba nitasema kweli, kweli ikataliwe kwa sababu nimeshaitumia vibaya. Aliyezungumza ni msichana, sauti yake nyembamba, haitazami upande wangu:

“Msimwamini. Pimeni.”

Tukashuka wote ghorofa ya chini. Kulikuwa na chupa moja ya akiba niliyoichanganya Ijumaa, tena hiyo kwa haki kabisa. Mwenyekiti akamwamuru Miwani, tuliyemkuta kwenye leza, ndiye apime, msichana asimame ukutani, mikono ionekane. Mimi nikachanganya chupa mpya mbele ya macho yao. Pampu ilitoa hewa polepole, na safari hii nilisimama nayo hadi mwisho.

Chupa ya Ijumaa kwanza. Leza ikapiga, tak, tak, tak, mchirizi ukaporomoka kwenye skrini, Miwani akaweka nukta. Ya pili. Ya tatu. Hadi nane. Mstari ulinyooka vizuri mno.

Halafu ile mpya. Nukta ya kwanza ikaanguka chini. Miwani akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ya pili, chini. Ya tatu, chini. Ya nne ikaruka, na zilizobaki zikafuata juu. Ilikuwa grafu ya msichana, ile ile aliyoitandaza kwangu juu ya shanga, ile aliyopigiwa makofi.

“Haya,” mwenyekiti akasema. “Hakuna aliyebuni namba.” Akanigeukia. “Funguo.”

Nikazitoa mfukoni. Zilikuwa na kamba nyekundu niliyoifunga mwenyewe.

“Barua utaipata. Kwa sasa hugusi mtungi.”

“Sawa.”

Profesa alimsogelea msichana, akazungumza akitazama viatu vyake. “Nilikudhania vibaya. Niliharakisha.”

“Ndiyo,” msichana akasema.

Wakapanda juu mmoja mmoja. Miwani akazima leza, akatupita kama anapita wodini. Nikabaki na msichana na mashine inayopoa. Nilitarajia aonekane ametua mzigo. Alikuwa ameponea chupuchupu. Lakini alikuwa amekaa mbele ya skrini, anatazama zile nukta tatu za chini, na ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile nilikuwa nimemwondolea doa na, kwa pumzi ile ile, nikamnyang’anya kitu pekee alichowahi kukigundua. Molekuli ya pili ya asetilini haikuwahi kuwepo. Ilikuwa ni mimi nawahi nyumbani.

“Niende?” nikauliza.

“Hapana. Kaa.”

Alitoa kwenye mkoba rundo la karatasi, sura ya nne ya tasnifu yake, akafungua ukurasa wenye jedwali la Jumatano tisa. Akachukua kalamu na rula.

“Daftari lako halina maana sasa,” akasema. “Kwa hiyo nitajie wewe. Moja moja. Nataka kujua ipi haikulala na kwa nini. Usiruke.”

“Ya kwanza, wageni. Haikulala.”

Akapiga mstari.

“Ya pili, wageni. Haikulala. Ya tatu alikuja dada yangu na watoto. Haikulala.”

Mstari. Mstari.

“Ya nne na ya tano?”

“Zote mbili wageni.”

Alipofika ya sita kalamu ikasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tushuke. “Hii ndiyo iliyopinda kuliko zote,” akasema. “Hii ndiyo niliyoipeleka kwenye mkutano. Nimeitafutia kosa usiku na mchana. Wiki hiyo wifi yako aliugua, uliniambia mwenyewe, hamkuwa na wateja. Jumanne ulikuwepo hapa hadi saa kumi. Nilikuona.”

Alikuwa sahihi. Nilikuwepo hadi saa kumi. Nilikaa chumba cha chai.

Niliona jinsi alivyoishika kalamu, mbali kidogo na karatasi. Ningeweza kumwachia hiyo moja. Hakuna daftari, hakuna shahidi, neno moja tu tamu, na angekuwa na nukta nane za kumfariji, angeenda kuzihangaikia mwaka mzima. Na mimi kusema maneno matamu ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

“Ililala?” akauliza.

“Haikulala,” nikasema. “Nilikuwa napiga soga.”

Akaweka rula juu ya mstari wa sita, akaisawazisha kwa kidole, akapiga.

“Ya saba,” akasema.